Unamwogopa Nani?



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita, mwezi wa Shaaban, nilipata leseni ya kumiliki bastola huko kwetu Nairobi. Naliandika waziwazi kwa sababu habari imekwisha kuzunguka katika darsa letu la Alhamisi, na nimefikishiwa swali lililoulizwa pale: je, mtu anayetembea na silaha kiunoni bado anamtegemea Allah (s.w.t.), au amehamishia tawakkul yake kwenye chuma?

Swali hilo ni jepesi, na tulimalize. Mtume (s.a.w.), ambaye hakuna aliyemshinda kwa kumtegemea Mola wake, siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Mtu aliyemuuliza iwapo amwache ngamia wake bila kamba na ategemee, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 102, waumini walio katika swala ya khofu wameamrishwa wabaki na silaha zao. Kuchukua sababu hakupingani na tawakkul. Anayefunga mlango wake kwa komeo usiku hajapungukiwa na imani, na wote walionisema wana makomeo.

Swali gumu ni jingine, na hilo sikusikia kwamba liliulizwa. Kitu kile kinamfanya nini mtu anayekibeba kila siku bila ya kukitumia hata siku moja? Nilikibeba wiki kumi na moja, Ramadhani yote ikiwa ndani yake. Kisha nikarudi Kigali bila hicho, na sasa ni miezi mitatu nipo Kinyinya, mikono mitupu, nikilinganisha.

Kwanza nieleze kilichonifikisha huko. Familia yetu inauza vitambaa kwa jumla mtaa wa Eastleigh. Baba amezeeka, mkono wake unatetemeka, na likizo zote mimi ndiye ninayefunga hesabu na kupeleka fedha benki. Mwaka juzi mjomba wangu alifuatwa na majambazi kutoka dukani kwake, wakampiga risasi ya paja, wakachukua mfuko. Alipona, alhamdulillah, lakini anachechemea hadi leo. Baraza la familia likakaa, wazee wakashauriana, na jina langu likatajwa. Kule Kenya jambo hili halifanyiki kwa mchezo, hasa baada ya ukaguzi wa wamiliki wote wa silaha uliotangazwa Desemba 2018, ambapo kila mwenye leseni alipewa siku 90 ajitokeze achunguzwe upya. Nilipeleka cheti cha mwenendo mwema, nikachukuliwa alama za vidole, nikapelekwa kwa daktari wa akili, nikasomeshwa darasani na uwanja wa shabaha, nikahojiwa. Mwishowe nikapewa.

Ni Glock 43, aina iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili ya watu wanaobeba kwa siri chini ya nguo. Kinachomshangaza mtu mwanzo ni udogo wake. Urefu kama sentimita 16, unene haufiki sentimita 3, uzito kama nusu kilo bila risasi, na ndani ya magazini zinaingia risasi sita za milimita 9. Nilitarajia kitu kinachotisha. Nikapewa kitu kinacholingana na kiganja kama kitabu cha Hisnul Muslim. Udogo wenyewe ndio unaomsumbua mwenye kufikiri, kwa sababu jambo kubwa kiasi kile, kutoa roho iliyoharamishwa, lilipaswa kuwa na uzito wake. Upanga ulikuwa na uzito. Aliyeuvaa alijulikana toka mbali, na yeye mwenyewe aliuhisi kila akipiga hatua. Hiki cha leo kimetengenezwa makusudi ili asiyekibeba asikione, na aliyekibeba akisahau.

La pili lililonishangaza ni kwamba haina swichi ya usalama ya kuwasha na kuzima. Ina vizuizi vitatu vya ndani, na vyote vinaachia vyenyewe pale kidole kinapovuta kifyatulio. Kwa Kiswahili chepesi, kinachoizuia isilie ni kidole chako kukaa nje ya mahali pake. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumuelekezea nduguye silaha, akaeleza kwamba hajui, huenda shetani akautelezesha mkono wake. Miaka yote nilikuwa nikiisoma hadithi ile kama mlango wa adabu njema. Siku ya kwanza ya mafunzo niliiona kuwa ni maelezo ya ufundi. Mwalimu wetu, askari mstaafu asiye Muislamu, alitusomesha neno lilelile kwa maneno mengine: kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi, na mtutu usimtazame mtu hata kwa mzaha, kwa kuwa mkono una mambo yake ambayo mwenye mkono hayajui. Tena Mtume (s.a.w.) alimwamuru anayepita na mishale msikitini au sokoni kwetu aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio ndiyo ncha ya mshale ya zama zetu, na anayeitia bastola mfukoni hivihivi pamoja na funguo (nimewaona) amemkosea kila anayepita karibu naye.

Baada ya hapo kikaanza kile ambacho hakuna aliyenitahadharisha nacho.

Mwili ulibadilika kabla ya moyo. Kanzu zangu za kubana nikaziacha. Mkahawani nikawa nakaa nikiuelekea mlango. Nikipishana na vijana wawili uchochoroni, kiwiko cha mkono wa kulia kinajisogeza chenyewe kugusa ubavu, kuhakikisha. Katika swala ilinilazimu nijue, nikisujudu, chuma kimeelekea wapi na nani yupo safu ya nyuma. Niliitoa na kuifungia kasha kila nilipokwenda swala ya Tarawehe, na wengine wakaniambia kwamba huko ndiko ninakohitaji zaidi kuwa nayo, maana gizani ndiko wanakovizia. Siku ya Iddi sikuipeleka uwanjani. Hilo nalo lina asili: katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kauli ya Hasan al-Basri kwamba walikatazwa kubeba silaha siku ya Iddi ila wakihofia adui. Na hapohapo kuna kisa cha Ibn Umar (r.a.), aliyechomwa na ncha ya mkuki mguuni kule Mina katikati ya msongamano. Hajjaj alipokuja kumjulia hali na kutaka kumjua aliyefanya vile, Ibn Umar akamjibu kwamba ni yeye Hajjaj, kwa kuruhusu silaha ibebwe siku isiyobebwa, na kuingizwa mahali isipoingizwa. Hakumtafuta mwenye mkuki. Alimtaja aliyeifanya silaha iwe jambo la kawaida pale. Nimekisoma kisa kile mara nyingi tangu Shaaban.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu wengi wetu tunazungumza kuhusu kujihami kana kwamba fiqhi haina la kusema zaidi ya kwamba inaruhusiwa. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho watu wa pwani yetu wamekisoma vizazi kwa vizazi, ana mlango mzima juu ya kumzuia mshambuliaji. Msingi wake ni ngazi. Unamzuia kwa lililo jepesi kwanza. Kama anazuilika kwa maneno au kwa kuita watu, mkono ni haramu. Kama anazuilika kwa mkono, fimbo ni haramu. Na kuendelea hivyo. Kisha anaongeza jambo ambalo vijana wenye misuli hawapendi kulisikia: ikiwa inawezekana kukimbia, basi rai inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Ama mali, kuitetea kunaruhusiwa, na anayeuawa kwa ajili ya mali yake ni shahidi kama ilivyo katika hadithi sahihi, lakini kuitetea si lazima. Unaweza kuiacha iende na usipate dhambi.

Mtazame mtu wa ngazi ile, umwekee bastola kiunoni. Vidato vyote vya katikati vimetoweka. Kati ya kupiga kelele na kuua hakuna tena fimbo, hakuna mkono, kuna chombo kimoja ambacho jibu lake ni moja. Na kidato cha kukimbia kinaoza kwa namna ya siri zaidi, kwa kuwa mwenye silaha anaona aibu kukimbia mbele ya nafsi yake. Kabla ya Shaaban, kama wangenijia watu watatu na kisu, ningewapa mfuko na kumshukuru Allah kwa kubaki na uhai wangu. Baada ya Shaaban lilikuwepo jambo la kuamua, na kuamua huko kungefanyika ndani ya sekunde mbili na mtu aliyeshtuka. Mwalimu wetu alitwambia kwamba siku njema kwa mwenye bastola ni ile aliyoondoka mahali mapema. Imamu Nawawi amefariki mwaka 676 Hijria na yule mzee hajawahi kusikia jina lake, wamekubaliana.

Kufikia hapa wenzangu wa darsa watasema nimekwisha kujijibu, niirudishe. Subirini. Kuna kisa ambacho mtu mwaminifu hawezi kukiruka.

Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, watu wa al-Shabaab waliingia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Vikosi rasmi vilichelewa, na vilipofika havikuelewana vyenyewe kwa vyenyewe. Saa za mwanzo waliotoa watu ndani ni askari wachache waliovaa kiraia pamoja na raia wenye leseni za silaha. Mmoja wao ni Abdul Haji, mwana wa waziri wa zamani wa ulinzi Yusuf Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa. Alikuwa na ndugu yake ndani. Aliingia na bastola mbele ya bunduki za rashasha, na kwa saa kadhaa yeye na wenzake walikuwa wakiwatoa watu asiowajua, wa dini zote. Picha iliyozunguka dunia inamuonyesha akimnyoshea mkono binti mdogo wa Kimarekani anayemkimbilia peke yake, mama yake na wadogo zake wakiwa bado wamejificha nyuma ya meza.

Wapo wanaosema kilichookoa pale ni ushujaa, silaha haikuwa kitu. Siwakubalii. Mtu shujaa asiye na kitu mkononi angefika mlangoni na kuwa maiti wa 68. Ule ulikuwa ushujaa uliopata chombo, na chombo kilikuwepo kwa sababu asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote zisizokuwa na lolote, mtu alikuwa amekibeba. Anayetaka kuharamisha kubeba ni lazima akae mbele ya picha ile na aseme yule mtoto angekimbilia wapi.

Lakini nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu, na kuna jambo jingine ndani yake. Mtoto anamkimbilia mwanamume Msomali, Muislamu, mwenye bastola mkononi, katika jengo ambalo Waislamu wenye silaha ndio walikuwa wakiua. Hakuna alama yoyote juu ya mwili wake iliyomtenga na wao. Mama alilazimika kuamua kwa haraka iwapo huyu ni wa kumwamini au ni wa kumkimbia. Askari aliyetoka upande wa pili angeweza kuamua vibaya, na angesamehewa na watu wote. Siku hizohizo kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa na risasi ya upande wake.

Mimi nimezaliwa Eastleigh. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu wa mtaa wetu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na wengi wakapelekwa kuhojiwa uwanja wa Kasarani. Nilikuwa kidato cha pili. Kwa hiyo nilipovaa bastola chini ya koti miaka mingi baadaye, kulikuwa na hesabu mbili zinazokwenda kwa pamoja. Ya kwanza ni ya majambazi ninaowaogopa mimi. Ya pili ni ya wale wanaoniogopa mimi, ambao baadhi yao wana bunduki za serikali. Leseni yangu iko kwenye pochi, lakini anayepiga risasi hasomi kwanza pochi. Chombo kilichonifanya niwe salama zaidi mbele ya jambazi kilinifanya niwe hatarini zaidi mbele ya askari, na sijaona katika matangazo ya biashara hiyo mahali panapoelezwa kwamba usalama wa bastola unategemea sura ya mwenye kuibeba.

Nikaja Kinyinya. Bastola niliikabidhi polisi iniwekewe, nikapewa karatasi, nikapanda basi. Wasiokijua Kinyinya, ni kaskazini mwa Kigali, wilaya ya Gasabo, pale Kagugu na Gacuriro. Kilima chake ndicho ambacho Deutsche Welle walikuwa wakirushia matangazo yao ya redio kwa Afrika tangu miaka ya 1960 hadi walipofunga mitambo mwaka 2015. Babu zetu waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili kutoka Ujerumani walikuwa wakisikilizishwa na kilima hiki bila kujua. Leo kina majumba ya fahari upande mmoja na vyumba vya kupanga vya wanafunzi kama sisi upande mwingine. Baada ya Isha nashuka kwenye moto, natembea dakika kumi na tano hadi nyumbani na kompyuta begani. Wiki mbili za mwanzo kiwiko kilikuwa kikitafuta ubavu na hakikuti kitu. Wiki ya tatu kikaacha. Usingizi wangu ukawa mrefu zaidi.

Nisieleweke vibaya. Kuna mwanafunzi mwenzetu, Mkenya vilevile, anayependa kusema kwamba Kigali imethibitisha kuwa watu wanaweza kuishi bila silaha. Atembee barabara kuu saa tatu usiku ahesabu wanajeshi wanaopita kwa miguu na bunduki zao. Ahesabu walinzi wa malango, ahesabu vijana wa irondo wanaozunguka mitaa hadi alfajiri. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inambana sana raia katika kumiliki silaha, lakini silaha zipo. Ziko mikononi mwa wengine. Amani ninayotembea nayo usiku inashikiliwa na kidole cha kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye simjui jina, na kama siku moja atalazimika kuua ili mimi nifike nyumbani, sehemu ya jambo lile ni yangu. Nimeutua mzigo begani mwangu na kumtwisha mwingine. Huenda hilo ndilo sahihi. Watu wana haki ya kukubaliana kwamba silaha ikae kwa wachache wanaojulikana na wanaoulizwa, na nchi za eneo letu zimeandikiana hivyo, katika mkataba wa silaha ndogo uliotiwa saini Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, kwamba zitadhibiti umiliki wa raia. Lakini asiyebeba asijione kuwa mikono yake ni safi kuliko ya anayebeba. Tofauti ni nani amepewa kazi.

Karibu na ninapokaa kuna mzee mmoja aliyekulia Biryogo akahamia huku. Tunaswali pamoja, na Kiswahili chake ni kile cha zamani cha mitaa ya Waislamu wa Kigali. Jioni moja baada ya Maghrib nilimweleza habari yote hii. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza:

“Unamwogopa nani?”

“Majambazi, mzee.”

“Unawajua sura?”

“Hapana.”

“Basi akikujia utamjuaje?”

“Nitamjua kwa atakachofanya.”

“Akishafanya umechelewa, mwanangu. Silaha haina faida kwa aliyechelewa. Kwa hiyo utamjua kabla hajafanya. Utamjua kwa nini?”

Nilikaa kimya. Kwa nguo zake, nadhani. Kwa umri wake, kwa mwendo wake, kwa mtaa anaotokea. Yaani kwa zilezile alama ambazo wengine wanazitumia kunijua mimi.

Mzee hakuendelea kunibana. Alisema tu kwamba wao hapa waliwahi kuambiwa wajilinde. Nami nilikwenda kusoma. Ni jambo linalojulikana na limeandikwa: kabla ya 1994 watawala wa wakati ule walikuwa na mpango wa kuwapa raia silaha na mafunzo, na jina lake kwa Kifaransa lilikuwa autodéfense civile, raia kujihami wenyewe. Bunduki ziligawiwa kwa viongozi wa mitaa na kwa wanamgambo. Redio ikawaambia watu kwamba jirani yao ndiye adui, na atawaua wasipomuwahi. Waliotoka na mapanga Aprili ile, wengi wao kwa fikra zao walikuwa wakijihami. Neno ambalo mimi nililiandika kwenye fomu yangu ya maombi, sehemu ya kueleza sababu, ndilo neno walilotumia.

Sisemi mimi na wao ni kitu kimoja. Jambazi wa Nairobi yupo kweli, na paja la mjomba wangu ni ushahidi. Lakini nimejifunza kwamba uhalali wote wa kujihami unasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba umemjua adui kwa haki. Nguzo hiyo haimo ndani ya bastola, haimo ndani ya leseni, na daktari wa akili hakunipima kwayo. Anayetujulisha adui ni nani? Kwangu mimi ni simulizi za mtaani, na video za kamera za ulinzi zinazosambazwa kwenye simu, na mjomba. Vinaweza kuwa kweli vyote na bado vikanifundisha kumtazama kijana wa miaka kumi na tisa asiye na kazi kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Waislamu wa nchi hii wanakumbukwa, na sisi wageni tunapenda kujipamba kwa hilo. Walikuwemo walioshiriki katika mauaji, na baadhi yao wamehukumiwa. Lakini kwa jumla jamii ile ilikataa, na watu wengi walifichwa majumbani na misikitini, Nyamirambo na Biryogo. Walikataa nini hasa? Nionavyo mimi, kabla ya kukataa kushika panga walikataa kuelezwa adui yao ni nani. Na hata aliyefanya zaidi kuliko wengi hakuwa na silaha wala hakuwa wa dini yetu: Zura Karuhimbi wa Ruhango, mwanamke mzee mganga, alificha watu zaidi ya mia moja nyumbani kwake, na waliokuja na silaha akawatisha kwa mizimu na mlio wa bangili zake. Tuna la kusema kuhusu uganga, bila shaka. Ila ikiwekwa picha yake kando ya ile ya Westgate, hoja za pande zote mbili zinapungukiwa na sauti.

Kuna wanaonipa mfano wa Sayyidna Uthman (r.a.), aliyezingirwa nyumbani kwake mwaka wa 35 Hijria, akawakataza watu wasichomoe panga kwa ajili yake, kwa kuchelea kuwa wa kwanza kumwaga damu ya umma huu. Ni daraja kubwa, na Minhaj nayo inaruhusu mtu kujisalimisha mbele ya mshambuliaji Muislamu. Lakini wanahistoria wanaeleza pia kwamba mkewe, Naila, alijitupa mbele yake akakatwa vidole vyake. Mtu anaweza kuusamehe uhai wake mwenyewe. Vidole vya Naila si vyake kuvisamehe.

Hapo ndipo nilipofika, na sijapita. Kwa ajili ya mfuko wa fedha, sioni tena kwamba naweza kuibeba. Mali ni jambo ambalo sheria imeniruhusu niliache. Nimemwambia Baba hivyo kwa simu, na kwa muda wa dakika nzima sikusikia kitu, kisha akasema nitafute njia nyingine ya kupeleka fedha kabla sijaanza kuhubiri. Nimeitafuta. Wateja wakubwa sasa wanalipa kwa simu au moja kwa moja benki, na noti zinazobaki zinatoka mchana, kidogo kidogo, kwa saa zisizofanana. Ni kidato cha chini kabisa cha ngazi ya Imamu Nawawi, na kumbe kilikuwepo siku zote.

Ama kwa ajili ya wengine, mama yangu, dada zangu, au mtoto nisiyemjua anayekimbia katika ukumbi wenye moshi, hapo sina jibu. Leseni inatakiwa kuhuishwa kabla ya Ramadhani ijayo. Imamu anasema kumtetea mwingine ni sawa na mtu kujitetea mwenyewe, kisha anataja kauli nyingine kwamba huko kumtetea mwingine ni wajibu moja kwa moja. Nikiishika ya kwanza, naweza kuiacha bastola kule ilikowekwa na nikalala. Nikiishika ya pili, sijui kama mwenye uwezo anaruhusiwa kuutupa uwezo wake kwa kuwa haupendi. Ustadhi wetu ameahidi kutusomesha mlango huo baada ya mitihani, na nimemuomba aanzie na maneno hayo mawili.

Wallahu a'alam.